Sindano Akataa Vidonda vya Tumbo

Wateja wa fundi cherehani aitwaye Sindano hudhani jina hilo limetokana na kazi yake. Kumbe alibandikwa shuleni, miaka ile alipokuwa anakataa chakula, na akilazimishwa kula anajifungia chooni kujitapisha, mpaka akabaki mifupa na macho. Alilazwa, akatibiwa, akapona polepole. Mama yake, kwa kuona aibu, aliwaambia watu ni vidonda vya tumbo, na ukoo mzima ukaumeza uongo huo bila maji.

Juzijuzi Sindano aliacha kazi ya kiwandani akafungua chumba chake cha ushonaji. Bima ya kiwanda ikakoma hapo hapo, na fundi anayejiajiri akiugua, cherehani nayo inalala. Ikabidi ajitafutie bima. Mjomba wake, wakala wa bima mwenye ulimi wa asali, alimshauri asitaje lolote: yaliyopita si ndwele.

Siku ya kupimwa afya kwenye kampuni ya bima, Mjomba alimpeleka, Mama naye akaenda kumsindikiza. Daktari wa kampuni alipouliza kwa nini aliwahi kulazwa, Mama akadakia kwamba ni vidonda vya tumbo. Basi daktari akaanza kuchimba: alitapika damu? Bado anatumia dawa? Akataka apimwe tumbo upya kabla ya jambo lolote. Mjomba akawa anatazama dari.

Sindano angeweza kunyamaza. Wengi wetu tungenyamaza, tusidanganyane.

"Si vidonda, daktari," alisema. "Nilikuwa naogopa kunenepa. Nilijinyima chakula mpaka nikakaribia kufa. Nilitibiwa, na sasa nakula vizuri."

Mama aliinamisha kichwa.

Baada ya wiki kadhaa waliitwa tena. Kampuni ilimkubali, ila ugonjwa ule ukirudi, matibabu yake haitayalipia. Mjomba alinung'unika kwamba ukweli umemponza. Sindano akamuuliza kama angependa kampuni igundue uongo siku amelazwa kwa maradhi mengine, imwache kwenye mataa. Mjomba akakohoa, akakumbuka ana mteja mahali.

Mama na binti wakatoka nje. Mama akauliza kwa sauti ya chini, "Na ugonjwa ukirudi?"

"Nitakwambia siku hiyo hiyo, Mama. Lakini usiufiche tena."

Mama akamshika mkono palepale mlangoni, watu wakipita, na hakuuachia.