Kifaranga cha Dada Kalunde

Nilipokuwa mtoto kule Isevya, enzi za Mwingereza, dada yangu Kalunde alipatwa na maradhi yaliyotuchosha sote. Alikuwa msichana wa kama miaka kumi na tisa, mwenye nguvu za kutwanga kinu kizima peke yake, kisha ghafla anaanza kuhema mbiombio kama aliyefukuzwa na nyuki. Vidole vinakakamaa, midomo inakufa ganzi, anasema, "Mama, nakufa." Nami nilimwamini kila mara.

Laiti wangemwacha apumue! Mganga wa zahanati alimpima, akasema mapafu ni mazima. Baba, Mkatoliki asiyekosa misa, akaagiza rozari. Shangazi akasema ni jini. Kila aliyeingia uani alikuja na ugonjwa wake mkononi, na Kalunde akazidi kuhema.

Mwishowe mama akamgeukia mfumu, mwaguzi wa Kinyamwezi anayepasua kifaranga na kusoma maradhi tumboni mwake. Baba asijue. Sharti ni kwamba kifaranga kitemewe mate na mgonjwa mwenyewe. Kalunde hakuweza kutembea, basi akatema, nikapewa mimi nikipeleke kwa mfumu, ng'ambo ya mtaa wa Mtendeni.

"Nyamizi, usisimame njiani," mama akasema.

Nikasimama. Niliona furu, yale matunda meusi ya porini, zimeiva mtini, nikaweka kikapu cha kifaranga chini nizichume na kula, na nilipogeuka kifaranga kimeshapotelea majanini. Nilikitafuta hadi nikalia. Kurudi nyumbani mikono mitupu sikuthubutu, fimbo ya mama naijua. Nikanyakua kifaranga kingine uani kwa watu, nikakitemea mate yangu mwenyewe, nikaenda.

Mfumu akapasua, akatazama kwa muda mrefu. "Huyu anabanwa na babu yake, mpagazi aliyefia njia ya pwani na mzigo wa pembe begani. Anataka kukumbukwa."

Dawa yake ilikuwa hii: kila akibanwa, Kalunde ajaze kinywa maji yenye unga wa mtama, akae kimya akimtaja babu moyoni, kisha ayapulize chini taratibu.

Kalunde akapona! Nilitamani kupiga kelele. Kapona kwa mate yangu! Kwa miaka mingi niliishi na hofu kwamba ugonjwa wake halisi umejificha mahali unamngoja, kwa kosa langu.

Siku hizi daktari angesema alikuwa akihema kupita kiasi, na yale maji yalimlazimisha kupumua polepole kwa pua. Huenda. Lakini mtoto wa miaka tisa angejuaje?

Nilimwambia Kalunde habari ya kifaranga baada ya mama kufariki, tukichambua mchele. Kalunde hakuinua macho.

"Nilijua. Ulirudi mdomo mweusi kwa furu, na hukuweza kunitazama usoni."

"Na ukanyamaza? Dada, miaka yote hii!"

"Mdogo wangu, nilikuwa nimechoka kutafutiwa ugonjwa. Babu ndiye wa kwanza aliyetaka nikae kimya kidogo."

Nilikasirika, nikasukuma ungo pembeni. Halafu nikaona aibu, kwa kuwa hata mimi, niliyempenda kuliko wote, sikuwahi kumwuliza nini kilikuwa kikimbana. Basi nikamwuliza. Akaanza kueleza, na siku hiyo hatukupika hadi jua likazama.