Jipiesi Ilikuwa Wapi Jumapili

Gerishon aliniita mwizi. Hakuninong'onezea. Alisema kwenye korido ya chuo, idara ya upimaji ardhi, mbele ya walimu na wanafunzi waliokuwa kwenye foleni ya stoo, nami nimeshika mopa, maji yakinitiririkia viatuni. Na alijua anadanganya.

Mimi ni Maximilla, Mama Byron. Nimefagia chuo hicho hapa Eldoret miaka kumi na mmoja. Shule niliachia darasa la pili, lakini ufunguo wa pili wa stoo nilipewa mimi, kwa sababu nafika saa kumi na mbili asubuhi na hakuna hata kalamu iliyowahi kupotea.

Ndani ya stoo hukaa sanduku la manjano lenye jipiesi, kile kifaa kinachosimama kwa miguu mitatu na kuziuliza setilaiti kiko wapi. Mwanafunzi akitaka kukiazima kwa utafiti, alete barua ya mwalimu, atie sahihi kitabuni, aache kitambulisho. Gerishon, mtunza stoo, alikuwa mkali kwa hilo. Nimeona watoto wa watu wakirudishwa kwa kukosa muhuri tu.

Jumatatu moja mwezi wa tano, Jemutai wa mwaka wa nne alileta barua yake kamili. Alikuwa aende Timboroa kupima jinsi mashamba yanavyoumega msitu. Gerishon akafungua stoo. Sanduku halipo, na kitabuni hakuna sahihi.

"Mwenye ufunguo mwingine ni nani?" akauliza kwa sauti. "Si huyu mwizi hapa?"

"Gerishon, kitu kama hicho nitafanyia nini?"

"Utauza. Darasa hukumaliza, lakini bei unajua!"

Watu wakacheka. Jumatano sanduku likapatikana katika kichumba changu cha mafagio, nyuma ya ndoo. Jemutai akapewa jipiesi yake akaenda. Mkuu wa idara alichukua ufunguo wangu, akasema nikae nyumbani kwanza, atanipigia simu. Hakuniuliza neno. Na kazi hiyo ndiyo inayomweka Byron shuleni.

Nilikaa nyumbani, mtaa wa Langas, majuma mawili. Jirani yangu Bridgit alinipigia kelele kutoka mlangoni kwake: "Mama Byron, ni kweli uliiba simu ya kuongea na malaika? Si uwaambie wapunguze hii mvua!"

Alikuwa anatania. Lakini jioni hiyo aliingiza sufuria zake ndani. Miaka sita zilikuwa zinalala nje.

Jumamosi Jemutai alikuja kwangu, matope ya Timboroa bado kwenye viatu vyake vya gambuti. Hata chai hakungoja.

"Mama, nilipokuwa nafuta kazi za zamani zilizobaki ndani ya ile jipiesi, nikaona moja siijui. Nikaipiga picha. Angalia."

Kwenye simu yake niliona vidoti kumi na vinne, vimezunguka kama ua wa ng'ombe.

"Hapa ni wapi?"

"Kijiji cha Ziwa, nje ya Eldoret. Ni shamba la mtu, limepimwa kila pembe. Na kila kidoti kina saa yake. Cha kwanza ni saa nane na dakika kumi mchana, Jumapili ile kabla hujanisikia nikiulizia sanduku."

Nilikaa chini. Jumapili hiyo saa nane nilikuwa jikoni kanisani, nikipakulia githeri watu mia mbili. Mchungaji mwenyewe alirudia mara mbili.

"Na kazi imepewa jina: Mzee Kiprop," akasema. Halafu akainamisha kichwa. "Mama, siku ile kwenye foleni, hata mimi nilicheka."

Jumatatu Jemutai alimwonyesha mkuu wa idara picha ile, naye akaitafuta namba ya huyo mzee wa Ziwa, akampigia sote tukisikia, Gerishon akiwemo. Mzee alifurahi sana.

"Huyo kijana wenu Gerishon alinipimia vizuri! Mvua ikaharibu barabara, akaniachia mashine nimtunzie. Alikuja kuichukua Jumanne. Mwambieni nimemwekea maziwa, mursik ya kibuyuni."

Gerishon alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikarudishiwa ufunguo. Nilipofika barabarani miguu ilikuwa myepesi, kama mtu aliyetua gunia la mahindi. Nililia kidogo, kisha nikacheka peke yangu nilipomkumbuka yule mzee na mursik yake. Pale Langas, sufuria za Bridgit zilikuwa zimerudi nje. Nilipika chapati tukala sote.

Siku ya tatu Gerishon alinifuata kwenye kichumba cha mafagio. Alifunga mlango kwanza. "Mama Byron, pole kwa yaliyotokea," akasema polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Niliufungua mlango tena. Mwizi aliniita kwenye korido, foleni nzima ikisikia. Hapo ndipo ninapomdai, na hajalipa: asimame pale pale, watu wakiwepo, aseme kwa sauti ile ile kwamba aliyechukua ni yeye.