Siku Niliyompa Dokta Mimba ya Wiki Thelathini na Sita

Chekeni tu, mimi mwenyewe nilishacheka mpaka machozi, ingawa siku ile ukumbini Newala nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kompyuta yangu.

Tulikuwa wahitimu kumi na wawili tusio na ajira, tumefundishwa miezi mitatu kutumia takwimu na kompyuta kwenye kazi za afya, na siku ya mwisho akaja Dokta mfawidhi wa hospitali moja, anatafuta mtu wa kuajiri. Mmoja! Mimi nilikuwa nimetengeneza programu ya kuwakumbusha wajawazito kliniki kwa ujumbe wa simu, na kwa furaha niliyokuwa nayo hata chai haikupita. Orodha ya majaribio ilikuwa na wajawazito wa kubuni, ambao ujumbe wao ungekuja kwenye simu zetu wanafunzi, halafu wageni (na mama yangu kule Lupaso, nilimwomba), ambao wangepata "Karibu sana" basi.

Sasa dakika tano kabla, nikaona majina hayajakaa vizuri, nikasema ngoja niyapange kwa alfabeti yapendeze. Nikapanga majina na ujumbe wake. Namba za simu nikazisahau! Zikabaki palepale, kila ujumbe ukahamia kwa simu ya mtu mwingine, na mimi sina habari, natabasamu.

Nikabonyeza. Simu zikalia ukumbi mzima, makofi, nami kwa mbwembwe nikasema, "Shikamoo Dokta, tunaomba utusomee ujumbe wako kwa sauti."

"Marahaba," akavaa miwani. "Mama Zuhura, mimba yako imetimiza wiki thelathini na sita. Njoo kesho kliniki na mwenza wako."

(Na Dokta ana kitambi, jamani.) Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nikapaparika, nikabonyeza tena nikidhani nafuta, kumbe natuma upya, simu zikalia tena zote, na hapohapo simu yangu, niliyoiunganisha na spika kwa ajili ya muziki, ikaita, nami kwa kiwewe nikapokea.

"Wewe Saada!" Sauti ya mama ikajaa ukumbini. "Mimba gani hii unayonitumia, tena mara mbili? Baba yako ameacha kuokota korosho, anauliza ni ya nani!"

Dokta alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatulia. "Na hawa wangekuwa wagonjwa wangu kweli, siri ya mtu ikaenda kwa jirani yake?"

Hapo ndipo aibu iliponiingia kwelikweli. Nikasema, "Nimekosa mimi, Dokta, si kompyuta," nikafungua orodha mbele ya wote, nikawaonyesha nilipokosea, nikairekebisha, nikatuma. Safari hii kila ujumbe ukafika kwa mwenyewe.

Kazi alipata mwenzangu Hamisi wa Chidya, na alistahili. Mimi Dokta akanichukua nijitolee miezi mitatu kuhakiki orodha, "maana wewe," alisema, "hutasahau." Wallahi sijasahau, na sibonyezi kitu mpaka mtu wa pili akae kando yangu tusome jina na namba, mstari kwa mstari, na majina yasipokaa vizuri, basi yakae hivyohivyo.