Kibaba cha Makopa

Shangazi alikuwa na kibaba cha bati, ukingo umeliwa na kutu. Kila asubuhi, pale Mlingotini, alikijaza mara mbili. Cha kwanza unga wa muhogo, cha wanawe wawili. Cha pili makopa, vile vipande vya muhogo mkavu, changu mimi na mdogo wangu wa kike, tukatwange wenyewe. Mama alikuwa ameshakufa. Baba alikuja kila Ijumaa, na Shangazi akimwonyesha: kibaba kwa kibaba, hakuna aliyepunjwa. Baba anatazama, anaridhika.

Shule niliishia la pili, lakini kinu kilinifundisha. Makopa kwenye kibaba yanaachiana nafasi, humo mwingi ni upepo. Ukitwanga upepo unatoka, unabaki na unga usiofika nusu. Nilimwambia Baba. Akasema nina choyo kama wajomba zangu.

Ndipo akaja Bibi mzaa mama, kutoka Mkange. Majirani walimwambia ashukuru, mjukuu kanona, atazame mashavu yale. Kweli mdogo wangu alikuwa amejaa uso, tumbo, hata miguu. Bibi akamnyanyua. Akamshusha, akamnyanyua tena, kama mtu anayeishuku nazi.

Hakugombana. Alingoja Ijumaa. Baba alipofika na kumwamkia, Bibi akamwomba anyooshe mikono, akamwekea kibaba cha unga huku, na huku cha makopa, alichoazima kwa jirani.

"Kipi chepesi, mkwe wangu?"

Baba akainua kidogo mkono wa kushoto.

"Basi hicho ndicho cha wanao."

Shangazi akasema mgeni hapekui jikoni kwa watu. Shangazi alitunyima, hilo nimemwambia mwenyewe usoni. Lakini Baba alikuwa na mikono miwili siku zote zile, na hakuwahi kuvinyanyua vile vibaba. Yeye simsahau.

Tukaondoka na Bibi siku ile ile.

Mkange naikumbuka kwa mikono ya Bibi. Jioni alitufumbisha macho, akatupa kibaba tubahatishe kuna nini. Sufi, kama hujashika kitu. Unga. Mchele. Chumvi, inavuta kiganja. Asali, ukiipokea unainama. Asali ile ilinuka moshi. Ya chupa ninayonunua Bagamoyo sasa hainuki chochote.

Mdogo wangu naye alipimwa. Unene ule ulikuwa uvimbe wa njaa; uliposhuka ikabaki mifupa mitupu, nikajua namzika. Bibi alimpikia maharage, dagaa, akamkamulia mbuzi, na kila asubuhi akamnyanyua, akatangaza. Sufi. Kesho yake sufi. Sufi ilidumu mpaka nikawa naziba masikio. Kisha siku moja akasema unga, nikatoka nje kulia. Mchele ulikaa sana.

Asubuhi moja, masika yamekwisha, alimnyanyua akamrudisha chini haraka, akashika kiuno.

"Chumvi," alisema, akaenda zake kuchochea moto.

Mdogo wangu sasa ana wajukuu, anakaa Kiwangwa. Nikifika, hata mzigo sijautua, namshika makwapani nijaribu. Hasogei hata unyayo. Ananipiga mkono.

"Dada, niache. Hiyo asali, utavunjika."

Nami namshika tena.