Kiraka cha Shaba cha Marehemu Munir

Saa mbili asubuhi Zaidi Munir ameshaifuta bunduki ileile mara tatu, na bado anaizunguka. Anaketi, anasimama, anachungulia dirishani, anarudi kushika kitambaa. Chai aliyoletewa imepoa.

Zaidi, mwenye umri wa miaka 56, ni mtunzaji wa jumba dogo la makumbusho mjini Dodoma. Zama hizi za ruksa, biashara ikiwa imefunguliwa kwa kila mtu, kila chumba kina mfanyabiashara anayekimezea mate, na jumba hili limeshapata wake, muuza redio na televisheni atakayeligeuza duka. Vitu vinavyojulikana vitahamishiwa Dar es Salaam. Visivyojulikana vitachukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye gari lake linakuja leo mchana.

Bunduki hiyo ilikutwa ndani ya paa la udongo la tembe moja huko Busi, nyumba ilipobomolewa wakati wa kuhamia vijijini.

Jumatatu mtaalamu wa silaha za kale, Emilia Sila, aliilinganisha na picha zake. Alisema inafanana mno na bunduki chache zilizoundwa kwa majaribio wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, zilizojipakia risasi zenyewe kwa nguvu ya moshi wa baruti. Ila hizo zina tundu dogo chini ya mtutu, la kupitishia moshi. Hii haina, hivyo akaiandika kuwa haijulikani. Aliuliza kile kiraka cha shaba chini ya mtutu ni cha nini, Zaidi akajibu kuwa ni pambo.

Hapo ndipo usingizi ulipokatika. Mkewe, Anifa, amemwambia hata mto umechoka kugeuzwa.

Tundu lilikuwepo. Lilizibwa na baba yake, Munir, fundi magobori wa Kondoa, aliyeombwa aisafishe bunduki kabla ya kuonyeshwa. Kwa fundi magobori, mtutu wenye tundu ni mtutu uliooza, ukifyatuliwa unamrudi mwenyewe. Mzee akatia shaba, akaisugua ikang'aa. Zaidi amekuwa akiwaonyesha wageni kiraka hicho kabla ya kitu kingine chochote, kwa fahari isiyofichika.

"Ndiyo kazi pekee ya baba iliyobaki," anajisemea. "Nikisema kweli, anakuwa fundi aliyeharibu. Nikinyamaza, bunduki inayeyushwa, na kiraka chake humohumo."

Emilia anaingia kuaga. Anamwamkia shikamoo, naye anaitikia huku mkono ukiwa tayari kwenye keke ya kutobolea.

"Mwanangu, lile si pambo," anasema. "Baba aliziba tundu. Alidhani chuma kimeoza."

Emilia anataka kuita fundi, Zaidi anakataa. Anatoboa taratibu, jasho likimtoka, mpaka kiraka kinadondoka kiganjani, kidogo kama punje ya kunde. Emilia anachungulia, analinganisha na picha, kisha anafuta alichoandika Jumatatu. Bunduki itakwenda Dar es Salaam.

Zaidi, ambaye mwezi ujao hatakuwa na kazi, ana ombi moja tu.

"Kibao kipya kimtaje na baba," anasema. "Kiandikwe kwamba tundu hili lilizibwa na Munir wa Kondoa, akiogopa lisije likamuua mtu."