Maksai Waliogomea Amri ya Raia

Nikisugua sufuria kwa majivu na limau, harufu hiyo hunirudisha Nakwa, kwenye kibaraza ambako babu aling'arisha nishani aliyorudi nayo kutoka vita vya Uganda. Alipostaafu jeshi alinunua maksai wawili, akawafundisha kulima kwa amri za gwaride. Bibi aliyaita mambo hayo utoto.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha, majirani wakapanda mahindi, na babu akaangushwa na malaria. Bibi akashika plau, mimi nikashika kamba. Aliwachapa maksai, akawabembeleza, akawatukana. Hawakuinua hata kwato.

Akaingia ndani. "Mzee, ng'ombe wako wamegoma."

"Hawapokei amri ya raia," babu alijibu kutoka ndani ya blanketi. "Vaa nishani."

Bibi alisonya, lakini aliibana kwenye kanga. Shambani akaangalia kama kuna jirani anayemwona, kisha akapaza sauti: "Kikosi! Mbele, tembea!"

Maksai wakaondoka. Mwisho wa shamba akasema, "Nyuma, geuka!" nao wakageuka. Kufikia mstari wa tatu, watu waliokwenda sokoni walikuwa wamesimama barabarani kumsikiliza, na yeye hakujali tena.

Kufikia mchana shamba lote lilikuwa limelimwa. Bibi aliingia chumbani na matope hadi magotini.

"Haya, nirudishie nishani yangu," babu akasema.

"Unaongea na nani huku umelala?" bibi akafoka. "Mguu sawa!"

Babu, na homa yake yote, alikurupuka akasimama wima, mikono ubavuni, blanketi likaanguka chini.