Deo hakumkata Rubani kwa chuki

Deo amefariki jana asubuhi. Naandika sentensi hii naifuta, naandika naifuta. Kichwa kimegoma kabisa kukubali jamani.

Mnaomjua kwa yale ya panga, naomba msome mpaka mwisho. Nyumbani kuna watu wanasema kesho hawaendi kumzika.

Mimi ni Msukuma, mtoto wa wafugaji. Yeye Mndamba wa Mofu, mkulima wa mpunga. Sekondari hapo Ifakara tulikaa dawati moja. Alikuwa ananiita mchunga mbu, eti ng'ombe wetu wamekonda hadi wanakaribia kuruka.

Kila msimu baba alimwazima Deo maksai wetu, Rubani na mwenzake wa nira, akalimie shamba lake. Deo alimsugua Rubani mgongo kabla hata hajanisalimia mimi.

Mwaka jana akamkata Rubani panga. Mguu wa nyuma, mara tatu, mfupa ukaonekana. Ng'ombe wa watu alikuwa amesimama tu kivulini.

Nikatoka mjini kwenda kumuuliza kulikoni. Salamu sikumaliza. Alinipiga mpini wa jembe hapa juu ya jicho, nikaanguka, akaendelea kunipiga nikiwa chini. Watu wanne ndio walimtoa juu yangu.

Kijijini ikawa wakulima na wafugaji tena. Wetu wakabeba fimbo, wa kwao wakabeba mapanga. Wazee wa pande zote mbili walisimama katikati kutwa nzima.

Na mimi nikaamini hivyo hivyo, kwamba kumbe siku zote alikuwa anatuchukia. Nikam-block miezi mitano.

Mimi, ambaye kazi yangu ni kupiga picha za ubongo! Mkulima gani mzima anamkata ng'ombe anayemlimia? Hilo tu lilitosha kunishtua, sikushtuka. Mjinga mimi.

Dada yake ndiye alimleta hospitali ninakofanya kazi, ameanguka kifafa shambani. Tukamwingiza kwenye MRI, tukamsukumia dawa mshipani tuone damu inavyopita kichwani. Kipimo hicho kazini tunakiita perfusion. Pale mbele, sehemu inayomsaidia mtu kuzuia hasira, palikuwa pekundu tupu. Uvimbe ulikuwa unanyonya damu kama kupe.

Nilitoka nje nikalia hadi bosi akaja kunitafuta.

Madaktari walikuwa na utafiti wa uvimbe huu mkali, waone kama damu inaweza kuwaonyesha mapema kwamba umerudi. Deo akakubali. Akasema, "Nipigeni tu hizo picha. Labda mwenzangu mtamwahi kabla hajamkata ng'ombe wa watu."

Akapasuliwa, akapigwa mionzi, akarudi kwenye mashine tena na tena. Picha ya mwisho ilikuwa nyekundu kuliko ya kwanza. Siku hiyo ndiyo aliniuliza kama Rubani alipona. Nikamwambia alipona.

Jana nimempigia baba, naye alikuwa ameapa haendi. Nikamweleza yote haya. Akauliza kama gari la jeneza litafika Mofu kwa matope haya. Nikamwambia litakwama njiani.

"Basi naleta mkokoteni," akasema.

Ndugu zangu wafugaji, baba yangu atakuwepo. Nyinyi je?

Deo, nilikudanganya. Rubani tulimchinja siku ileile ya panga. Kesho mwenzake wa nira ndiye atakuvuta, taratibu, na mchunga mbu wako nitatembea pembeni nimeshika jeneza lisiyumbe. Pumzika kaka. Kichwa hakiumi tena.